Ufa wa Saa Kumi

Tangazo lilibandikwa Jumanne saa nne asubuhi, wakati wenye nguvu wako kazini na wenye maneno wako sokoni, ili asiwepo mtu wa kuuliza. Aliyekuwepo ni Mzee Timazi peke yake. Alikuwa amekaa kibarazani na mguu wake wa kushoto, ambao tangu apigwe na kiharusi ulikuwa mzigo wa kubeba, si kiungo cha kutembelea. Alimwona mtu wa manispaa akipaka gundi kwenye mlango mkubwa wa jengo kama anayepaka siagi kwenye mkate.

"Unabandika nini hapo, bwana?"

"Utasoma, mzee."

"Sina miwani."

"Basi utasomewa," yule mtu akasema, akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Aliyemsomea ni Mwalimu, mstaafu wa ghorofa ya tatu, ambaye mkewe alifariki miaka sita iliyopita. Mwalimu alisoma kwa sauti ya darasani, akisimama penye nukta na kuvuta pumzi penye mkato. Wapangaji wote wa jengo hili, familia kumi na sita, wanatakiwa kuhama ndani ya siku thelathini. Jengo ni la hatari na halifai kwa makazi ya watu. Kuta zina nyufa kubwa. Ushahidi wa picha umeambatishwa. Mwenye pingamizi afike kikaoni tarehe ishirini.

Chini ya maandishi zilikuwapo picha nne. Mwalimu akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa gundi. Ile sauti ya darasani ikamtoka, akabaki mzee tu mwenye kandambili.

"Timazi," akasema. "Huu ukuta ni wa kwangu."

Ulikuwa wa kwake kweli. Saa yake ya ukutani ilionekana, mishale ikionyesha saa kumi na dakika kumi, na kando yake kalenda ya mwaka aliofariki mkewe, ambayo hakuwahi kuitoa. Kati ya vitu hivyo viwili, kutoka darini hadi sakafuni, uliteremka ufa mweusi, mpana, wenye kina, kama mto kwenye ramani.

"Picha hii kaipiga binti yako. Nilimpa kiti asimame juu yake. Kiti changu mwenyewe, na chai nikampikia."

Mzee Timazi alinyanyua uso akalitazama jengo. Alikuwa fundi mwashi maisha yake yote, na jengo hilo ndilo lililompa jina. Alilifanyia kazi tangu linachimbwa msingi, akiwa na miaka ishirini na miwili, na kila ukuta ambao msimamizi ameshaupitisha, yeye alirudi kuutundikia timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, kwa mara ya pili. Wenzake walimcheka, jina likamganda. Shirika lililojenga lilikuja kufa, wenye vyeo wakahamia kwenye nyumba za bustani, naye akapata vyumba viwili chini kabisa kwa bei ya mlinzi. Humo ndimo alimomzaa bintiye wa pekee, ambaye watu walimwita Jicho, kwa sababu tangu mdogo aliweza kukaa mbele ya ukuta akautazama kama watu wengine wanavyotazama televisheni.

* * *

Jicho alirudi alasiri, begi la kamera begani, ametoka kupiga picha za vitambulisho kwenye shule moja. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Picha za vitambulisho na za harusi zilimlisha. Picha zilizomnyima usingizi zilikuwa za majengo. Miaka miwili alikuwa akipanda mabasi kwenda miji asiyokuwa na ndugu, akilala kwenye vyumba vya wageni ambavyo kitasa ni msumari, ili tu apige stesheni ya treni iliyofungwa, paa la soko, tangi la maji lililoota majani. Miezi mitatu iliyopita alishinda tuzo ya wasanii wanaochipukia, iliyofadhiliwa na kampuni moja ya ujenzi. Zawadi ilikuwa safari: miji mitano ng'ambo ya bahari, miezi mitano, kazi yake ni kutembea na kupiga picha. Mama yake alilia siku ile mpaka akapaliwa.

Penye bomba la maji wanawake walikuwa wamesimama na ndoo. Walipomwona, mazungumzo yakakatika kama redio iliyochomolewa.

"Shikamooni," akasema.

Hakuna aliyeitika. Kisha jirani mmoja, yule wa chumba cha kona, akajipangusa mikono kwenye gauni. "Jipangeni vizuri, jamani. Mpiga picha karudi. Tabasamuni, na nyie mtakuwa ushahidi."

Ndani, baba yake alikuwa mezani na ile karatasi. Mwalimu alikuwa ameibandua kwa kisu, taratibu, akamletea. Mama yake, dobi wa hospitali, alikuwa ameketi kitandani bado na sare yake, mikono imemchubuka kwa dawa za kufulia.

"Hii ni yako?" baba akauliza.

Jicho akatazama. "Niliwapa wale wa tuzo kwa ajili ya maonyesho, baba. Maonyesho tu."

"Ulisaini?"

"Nilisaini."

"Ulisoma?"

"Zilikuwa kurasa kumi na mbili. Na wenzangu walikuwa wamepanga mstari nyuma yangu, mkurugenzi anasubiri kupigwa picha na sisi."

Baba yake akaweka kidole juu ya mto ule mweusi. "Ukuta huu naujua. Huu si ufa wa ukuta, ni lipu imechoka. Ni unywele. Mwaka juzi niliukwangua kwa ukucha, nikamwambia Mwalimu alale usingizi. Sasa mbona hapa unaonekana kama bonde la kutupia takataka?"

"Nilingoja saa kumi."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Baba yake mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Fundi akitaka kujua kama lipu imekaa sawa, haelekezi taa usoni mwa ukuta. Anaiweka ubavuni, iulambe ukuta, na kila kasoro inatoa kivuli. Jicho alijifunza hivyo kabla hajajua kusoma. Saa kumi jua liliingia dirishani kwa Mwalimu kwa ubavu, kwa robo saa tu, na kwa siku tatu mfululizo alikwenda kulisubiri.

"Taa ya ubavuni haisemi uongo," mzee akasema, "lakini inakuza. Ndiyo maana ukimaliza kukagua, unaizima."

"Nilitaka uonekane, baba."

"Umeonekana."

* * *

Kesho yake Jicho alikwenda kwenye ofisi za kampuni iliyofadhili tuzo. Mlinzi wa getini alimpima kwa macho, kuanzia viatu. "Kama ni kazi ya usafi, wameshajaza. Jaribu mwezi ujao."

"Nina miadi na meneja wa mawasiliano." Hakuwa na miadi.

"Na meneja?" Mlinzi akamsogezea daftari. "Andika jina, namba ya kitambulisho, na shida yako. Hapo penye shida, andika kwa kifupi."

Mapokezi palikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya zulia jipya. Ukuta mzima mkabala na mlango ulikuwa umetundikwa picha moja, kubwa kuliko mlango. Saa ya Mwalimu ilikuwa pana kama sinia. Kalenda ya mwaka wa msiba wake ilisomeka kutoka upande wa pili wa chumba, hata ile tarehe aliyoizungushia kalamu. Chini yake mabwana wawili walikuwa wanakunywa kahawa, mmoja ameegemeza kisogo kwenye ufa.

Meneja alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti laini na kicheko chepesi. Alimkumbatia. "Msanii wetu! Umeiona ilivyotoka? Kila mgeni anaiulizia. Kaa, kaa. Chai au kahawa?"

"Picha yangu imetumika kuwahamisha watu," Jicho akasema akiwa amesimama. "Wazazi wangu wakiwemo."

"Pole sana." Na alionekana kuona huruma kweli. "Sikujua kwamba mnaishi pale. Lakini sisi hatuhamishi mtu, mdogo wangu. Mhandisi wa manispaa aliomba vielelezo, tukampa tulivyo navyo. Mkataba wako unaruhusu. Ukurasa wa tisa."

"Ule si ufa. Ni lipu."

"Mimi si fundi, wewe si mhandisi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, au siyo?"

"Na kiwanja mtakichukua nyie."

"Kiwanja kitatangazwa. Atakayeshinda atashinda." Meneja akavuta droo, akatoa bahasha ndefu nyeupe, akaiweka mezani bila kuisukuma. "Tiketi yako imeshakatwa. Tarehe ishirini na mbili. Nasikia kikao chenu ni tarehe ishirini. Nakwambia kama dada yako: mimi ningekuwa wewe, siku hiyo ningekuwa nyumbani nafunga sanduku. Watu wakianza kusema hadharani, wanasema hata yasiyowasaidia." Akatabasamu. "Na ukirudi, tutahitaji mtu wa kupiga picha mnara wetu mpya, kuanzia msingi mpaka kileleni. Kazi ya miaka miwili. Nimeshalitaja jina lako."

Jicho aliitazama bahasha. Aliitaka. Hilo ndilo lililomtia aibu njia nzima ya kurudi: si maneno ya yule mama wala ya mlinzi, bali kwamba mkono wake ulikuwa umeanza kunyanyuka.

"Itabaki hapa kwangu," meneja akasema. "Uje uichukue tarehe ishirini na moja."

* * *

"Utakwenda," mama yake alisema. Alikuwa anakunja nguo ambazo zilikwisha kukunjwa. "Hilo halina mjadala."

"Kikaoni, au safari?"

"Usinichezee akili, mwanangu. Safari."

"Na majirani?"

"Majirani!" Mama akalibwaga shati la mumewe kitandani. "Majirani waliokupita leo kama wamepita mavi ya kuku? Sikiliza. Jengo litavunjwa ukiwepo, na litavunjwa usipokuwepo. Watu wakishapima ardhi kwa kamba, kilichobaki ni maneno ya kupoza wafiwa. Tofauti ni moja: ukienda, katika nyumba hii mmoja atakuwa ameokoka."

"Mama, ni mimi niliyewapa."

"Ulidanganywa."

"Nilisaini."

"Haya, ulisaini! Ukibaki, saini itafutika? Unataka kwenda kusema haki. Mimi nakuuliza, hiyo haki ina chumba cha kupangisha?"

Mzee Timazi alikuwa dirishani, ameupa mgongo ugomvi. "Mimi nitakwenda kusema," akasema. "Zege lile tulilichanganya kwa koleo. Najua kila nguzo ina nondo ngapi."

"Na mguu huo?" mkewe akamuuliza.

"Nitakwenda na huu mwingine."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mwalimu. Alikataa kiti. "Wenzangu wamesema binti asije kikaoni, atatuharibia," akamwambia Jicho. "Mimi nimewaambia, aliyefunga fundo ndiye anayejua linavyofunguka. Njoo ueleze ulivyoipiga ile picha. Hivyo tu. Ile saa kumi yako."

Mama akamtazama binti yake. Yalikuwa macho ya mtu anayeona gari linakuja na mtoto yuko barabarani.

"Nitakuja, Mwalimu," Jicho akasema.

Mama hakugomba tena. Aliendelea kukunja nguo, lakini sasa alizipanga kwenye maboksi.

* * *

Kikao kilikuwa ghorofa ya pili ya ofisi za manispaa, na lifti ilikuwa mbovu. Mzee Timazi alipanda ngazi akiwa amevaa koti alilofungia ndoa, mkono mmoja kwenye ukuta, mwingine shingoni mwa binti yake. Kila alipopumzika alikuwa na la kusema. "Ngazi hii imezidi ile kwa kidole. Aliyejenga hapa alikuwa na haraka ya kwenda kula." Jicho alicheka ingawa jasho lilimtiririka. Ndicho kicheko cha mwisho walichocheka pamoja kwa muda mrefu.

Ukumbi ulikuwa na feni tatu, moja ikizunguka. Wapangaji kama ishirini walikaa upande mmoja. Mwenyekiti wa kikao, bwana mnene mwenye miwani ya kamba, alikaa mbele na wajumbe wanne. Mhandisi alisoma ripoti yake kwa dakika tano. Kisha wakazima taa na picha ya Jicho ikatokea ukutani, na watu wa jengo lenyewe wakashusha pumzi kwa woga, kana kwamba hawakuwa wakiishi humo.

Mzee Timazi aliitwa. Alisimama akishikilia kiti cha mbele.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni fundi. Jengo hilo nimelijenga. Msingi una kina cha mtu mzima na mkono wake juu. Nguzo zake..."

"Samahani, mzee. Cheti chako cha ufundi unacho hapo?"

"Cheti?"

"Cha chuo. Au leseni ya ujenzi."

"Wakati ule tulifundishwa na kazi."

"Naelewa. Tunachoandika hapa ni ushahidi wa kitaalamu." Mwenyekiti akamgeukia karani. "Andika: mkazi mzee, ametoa maoni."

"Si maoni," Mzee Timazi akasema. "Nenda ukatundike timazi. Haitapotoka hata unene wa sarafu."

"Ahsante, mzee. Kaa, usije ukaanguka, tukaambiwa ukumbi wetu nao una nyufa."

Wajumbe wakacheka. Baadhi ya wapangaji nao wakacheka, kwa sababu kicheko cha mkubwa huambukiza. Mzee akakaa. Akauingiza mkono wake chini ya paja, akaukalia.

Jicho akaitwa.

"Wewe ndiye uliyepiga picha hii?"

"Ndiyo."

"Ulitengeneza chochote kwenye kompyuta?"

"Hapana. Sikuongeza kitu."

"Kwa hiyo ufa upo."

"Upo, lakini ni mwembamba kama unywele. Nilingoja saa kumi, jua linapoingia kwa ubavu. Wakati huo hata mkwaruzo wa kucha unatupa kivuli. Nendeni saa sita mchana, mtautafuta msiuone."

"Ulitaka uonekane mkubwa."

"Nilitaka..." Alilitafuta neno lingine, hakulipata. "Nilitaka uwe mzuri."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akavua miwani akajifuta machozi. "Ufa mzuri! Haya, tusaidie. Picha hii ilikupa tuzo. Siku ya tuzo uliwaambia watu kwamba ni unywele?"

"Hapana."

"Nina gazeti hapa. Umenukuliwa: 'Majengo haya yanalia, na sisi tunapita chini yake bila kusikia.' Ni maneno yako?"

Jicho aliyakumbuka. Aliyasema akiwa na ua kifuani na maikrofoni tatu mbele yake. "Ni yangu."

"Basi tuambie, dada. Yanalia au hayalii?"

Alitazama upande wa wapangaji, akaona nyuso zimeinama, ila ya Mwalimu, ambaye alikuwa anamtikisia kichwa kidogo, kama anavyomtikisia mwanafunzi ubaoni: endelea, unajua, endelea. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"Siku ile ulidanganya au leo unadanganya, sisi hatujui," mwenyekiti akasema kwa upole. "Kaa."

Wajumbe walitoka nje dakika kumi. Waliporudi, karani aligawa nakala za uamuzi: ripoti imepitishwa, maoni ya wananchi yamezingatiwa. Jicho aliishika nakala ya baba yake, maana yeye mkono bado ulikuwa umekaliwa. Karatasi ilikuwa imepigwa muhuri tarehe kumi na tisa. Jana yake.

Alimwonyesha Mwalimu. Mwalimu aliisoma tarehe ile mara mbili, akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Kabla hawajafika chini ya ngazi, simu ya Jicho ilitoa mlio. Mfadhili anasikitika kumjulisha kwamba safari imeahirishwa mpaka itakapotangazwa tena. Anamtakia mafanikio mema.

* * *

Walihama kwa mafungu. Wenye ndugu walikwenda kwa ndugu, wasio na ndugu walikwenda mbali. Jirani wa chumba cha kona alipokuwa anapakia godoro lake, Jicho alikwenda kumsaidia kushika upande mmoja. "Acha," jirani akamwambia. "Umeshatusaidia."

Mwalimu aliondoka na binti yake aliyemfuata kwa teksi. Alishuka na saa yake kwapani na kalenda imeviringishwa. Alimpa mkono kila mtu aliyekuwa uani. Alipofika kwa Jicho akasema, "Sikulaumu," kwa sauti ileile aliyokuwa akiwaambia wanafunzi waliofeli kwamba mwaka ujao upo. Kisha akaingia kwenye teksi, na kioo kikapanda.

Familia ya Mzee Timazi ilipata chumba kimoja nyuma ya gereji, mwisho wa mji, mabasi mawili kutoka katikati. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na hapo ndipo kamera ilipokwenda. Jicho aliiuza kwa mpiga picha wa harusi, ambaye aliigeuzageuza, akaonyesha mkwaruzo kwenye ukingo wa lenzi. "Hii umeiangusha." Alikuwa hajawahi kuiangusha, ila alikubali bei. Alipata kazi kwenye duka la kudurufu karatasi, kusimama mbele ya mashine toka asubuhi mpaka jioni. Mama yake sasa aliamka alfajiri zaidi kuwahi hospitali. Hakuwahi kumwambia binti yake "nilikwambia." Ingekuwa nafuu kama angelisema.

Mzee ndiye aliyebadilika. Chumba kilikuwa na ukuta wa matofali mabichi uliopinda mpaka kabati halikukaa wima, na yeye, aliyekuwa haingii nyumba ya mtu bila kusema neno juu ya kona zake, hakusema lolote. Alikaa kitandani akiusikiliza mlio wa gereji. Swali lake lilikuwa moja, kila Jicho aliporudi kutoka mjini.

"Wameanza?"

"Bado, baba."

Halafu siku moja ikabidi ajibu, "Wameanza."

Tangu siku hiyo swali likawa, "Limelala?"

* * *

Siku ya tisa ya uvunjaji ilikuwa siku ya mapumziko ya Jicho. Hakumuaga mtu. Alipanda mabasi mawili, akashuka kwenye mtaa ambao miguu yake iliujua kuliko kichwa. Pale palipokuwa na mlango mkubwa, palikuwa na uzio wa mabati, na pengo la kupitishia magari. Akasimama penye pengo.

Ghorofa ya juu ilikwisha kuondoka, na nusu ya ile ya tatu. Ukuta wa Mwalimu haukuwapo. Chini yake jengo lilikuwa limesimama, nondo zimejikunja juu kama vidole, nguzo zote nne za mbele ziko wima. Katapila lilikuwa limezimwa. Dereva wake, mtu wa umri wa baba yake kasoro miaka kumi, alikuwa amekaa kivulini chini ya mashine anakula mkate na soda. Meno mawili ya kijiko cha katapila yalikuwa yamevunjika, yamelazwa juu ya gunia pembeni.

"Unatafuta mtu, dada?"

"Hapana. Natazama tu."

"Tazama, hakuna anayekukataza. Hata mimi natazama." Akatafuna. "Niliambiwa kazi ya siku nne. Leo ya tisa. Miaka kumi na saba navunja majengo, na nakwambia, hili lilikuwa zima. Zima kabisa. Hilo zege unaloliona, ukilipiga linalia kama kengele. Jana ngazi imenivunjia jino la pili, bosi ananikata mimi mshahara." Akatikisa kichwa, si kwa hasira, ila kwa heshima fulani ya kazi. "Sijui ni nani aliyewaambia linaanguka."

"Mimi," Jicho akasema.

Dereva akamtazama, kandambili zake, mfuko wake wa plastiki, mikono yake yenye wino wa mashine ya kudurufu. Akacheka mpaka soda ikampanda puani. "Wewe dada una mzaha wewe." Akajifuta, akasimama, akapanda kitini kwake. Katapila likawaka, na Jicho akarudi nyuma kwa sababu ya vumbi.

Alifika nyumbani saa tisa. Mama alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, anakoroga sufuria mlangoni. Mzee alinyanyua uso.

"Limelala?"

"Bado, baba. Nilikuwa huko."

"Ulikwenda?"

"Nimezungumza na dereva wa katapila. Amesema lilikuwa zima. Amesema miaka kumi na saba anavunja, hajaona zege kama lile. Meno mawili yamemvunjikia."

Mzee Timazi aliinama kumsogelea. "Rudia," akasema.

Akarudia.

"Alisema zima? Kwa kinywa chake?"

"Zima kabisa. Alisema ukilipiga linalia kama kengele."

Mzee akafumba macho. Kitu kama furaha kilipita usoni mwake, kikaenda. "Na wewe," akauliza akiwa bado amefumba, "ulimwambia kwamba ni wewe?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Taratibu, kwa ule mkono wenye nguvu, mzee aliukamata mguu wake wa kushoto, akaunyanyua kitandani, akalala akiwa ameuelekea ukuta. Mabega yalimtikisika. Jicho akapiga hatua kumwendea, na mama yake, bila kugeuka kwenye sufuria, akamshika mkono akamzuia.

"Muache," akasema. "Muache baba yako."